Lutumba: Nyimbo Zake, Sauti za Wengine

Ukipigwa wimbo "Mabele" katika baa au kwenye sherehe, ulizeni pale mezani ni wa nani. Mmoja atasema wa Sam Mangwana. Mwingine, kwa kuwa bendi ni OK Jazz, ataapa kuwa ni wa Franco. Lakini mtunzi wake ni mtu wa tatu, naye ni Lutumba Simaro.

Simon Lutumba Ndomanueno, maarufu kwa jina la Simaro, alizaliwa Machi 19, 1938, mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Alijiunga na OK Jazz mwaka 1961, bendi ikiwa na umri wa miaka 5 tu, na kazi yake jukwaani ilikuwa gitaa la rithim. Wapenzi wa dansi mnaijua hali ya mpiga rithim. Solo linashangiliwa, mwimbaji anatuzwa noti, naye amesimama pembeni anaushikilia wimbo usiyumbe.

Kuimba haikuwa kazi yake, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yake. Mtunzi anayejiimbia mwenyewe hutunga kwa kadiri ya koo lake. Lutumba alianza na maneno, kisha akatafuta sauti ya kuyabeba, kama fundi cherehani anayesubiri kitambaa kinachofaa mshono. Watu wa Kinshasa walimwita Mshairi. Waswahili wa pwani hawatastaajabu, kwani katika taarabu anayeandika shairi na anayeliimba mara nyingi ni watu wawili.

Mwaka 1972 Mangwana alitoka kwa Tabu Ley akahamia kwa Franco. Kelele zilizozuka Kinshasa hazikuwa ndogo, maana bendi hizo mbili zilikuwa kama Simba na Yanga. Miaka miwili baadaye Lutumba akamkabidhi "Mabele", maana yake ardhi, udongo. Ni wimbo mzito, unamtazama binadamu na udongo unaomngoja. Angepewa mwimbaji mwenye sauti ya kishindo, nadhani ungegeuka mahubiri. Mangwana aliuimba kwa upole, kama mtu anayezungumza na nafsi yake usiku, na hata sisi tusiojua Kilingala tulielewa kwamba hapo pana msiba. Kwa kuwa maneno yalitupita, tukashika sauti, na mwenye sauti ndiye tuliyempa wimbo.

Mangwana alipoondoka OK Jazz, Lutumba hakukwama. Mwaka 1984 alitoa "Maya", akampa Carlyto Lassa. Mwaka 1986 ukafuata "Testament ya Bowule", yaani wosia wa Bowule, ulioimbwa na Malage de Lugendo. Waimbaji walibadilika, lakini sikio lililozoea lilitambua mkono ule ule: maneno ya mtu aliyeumizwa, hayana haraka, hayana matusi.

Swali ambalo wengi hujiuliza ni kwa nini mtunzi wa namna hiyo alikaa miaka yote chini ya jina la mtu mwingine. Franco alikuwa tajiri wa bendi, mpiga solo, na mtunzi mkubwa kwa haki yake. Lutumba alikuwa makamu wake. Kwa mtindo wa bendi zile, makamu alipata kazi na heshima, lakini mali ilikuwa ya mwenyewe. Hayo yalidhihirika baada ya Franco kufariki nchini Ubelgiji Oktoba 12, 1989. Lutumba aliishika bendi hadi mwishoni mwa mwaka 1993, wakati wanamuziki na familia ya marehemu waliposhindwa kuelewana juu ya mapato. Mtu aliyeitumikia TP OK Jazz kwa miaka 32 akatoka, na jina la bendi likabaki nyuma.

Mwaka 1994 yeye, Josky Kiambukuta, Ndombe Opetum na wenzao walianzisha Bana OK, maana yake watoto wa OK. Hata jina jipya lilibidi liegemee la zamani, la sivyo nani angewatambua mlangoni? Utunzi, lakini, hakuna aliyeweza kumdai aurudishe.

Lutumba alifariki Paris Machi 30, 2019, akiwa na umri wa miaka 81. Mwili wake ulirudishwa Kinshasa, ukazikwa huko.