Jumba la Blenheim na Mji wa Oxford

Katika nchi ya Uingereza, mwendo wa maili 8 hivi kutoka mji wa Oxford, liko jumba kubwa liitwalo Blenheim. Wageni wengi huenda kwa makundi, wakaliona jumba asubuhi na mji alasiri, kisha wakarudi kwao jioni. Lakini atazamaye mawe tu hurudi na nusu ya habari, kwa maana mahali hapo pawili pana habari za madeni zifaazo kufikiriwa.

Asili ya jumba ni vita. Tarehe 13 Agosti 1704, John Churchill, Duke wa Marlborough, aliwashinda Wafaransa na wenzao huko Blenheim, katika nchi ya Wajeremani. Malkia Anne akampa shamba la kifalme la Woodstock, na fedha za serikali zikatolewa ili ajengewe nyumba. Kodi ya ardhi ile ni bendera moja, ipelekwayo Windsor kila mwaka kwa ukumbusho wa vita. Deni hilo lalipwa hata leo.

Msanifu wa jumba alikuwa John Vanbrugh, na kazi ilianza mwaka 1705. Lakini Duke na mkewe Sarah walikosana na Malkia, na mwaka 1712 hazina ikafunga mkono. Zilikwisha kutumika pauni 220,000, na mafundi walikuwa wakidai pauni 45,000. Mwaka 1716 kazi ikaanza tena kwa fedha za Duke mwenyewe. Ndipo Vanbrugh akagombana na Sarah, akaiacha. Hata alipokwenda mwaka 1725 kuitazama kazi ya mikono yake, akazuiwa langoni.

Oxford nako, mji wa elimu tangu 1096, kuna deni. Tarehe 10 Februari 1355 ugomvi ulizuka katika nyumba ya kuuzia divai, ukawa vita kati ya wenyeji na wanachuo. Yasemwa walikufa wanachuo 63 na wenyeji kama 30. Tangu hapo meya alikwenda kanisani kila mwaka kulipa peni 63, peni moja kwa kila mwanachuo aliyeuawa, mpaka mwaka 1825. Wenyeji waliokufa hawakuhesabiwa hata peni moja.

Basi tazameni: deni la mfalme halikusahauliwa, wala la wenye elimu, bali la mwashi lilikawizwa. Dawa ya deni ni kulipa, wasema wazee. Nasi tujengapo nyumba au shule, tuanze na ujira wa yule abebaye mawe.