Ukubwa wa Ulimwengu ni Umri Wake

Aprili 1920, jijini Washington, wanaastronomia Harlow Shapley na Heber Curtis walibishana kuhusu swali ambalo mwanafunzi wa sekondari analijibu leo: je, Njia Nyeupe, galaksi yetu, ndiyo ulimwengu wote? Shapley alishikilia kwamba ndiyo. Kipimo cha kuamua ugomvi huo kilikuwa kimeshapatikana. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt, aliyelipwa senti 30 kwa saa kukagua picha za vioo huko Harvard, alionyesha kwamba nyota za Sefeidi, ambazo hung'aa na kufifia kwa zamu, huwa na mwanga halisi mkubwa zaidi kadiri zamu zake zinavyorefuka. Ukijua urefu wa zamu unajua nguvu ya nyota, na kwa kuona ilivyofifia unapata umbali wake. Oktoba 1923, Edwin Hubble akichunguza kioo chenye picha ya wingu la mwanga liitwalo Andromeda kutoka kituo cha uangalizi cha Mlima Wilson, aliikata herufi N, yaani nova, aliyokuwa ameiweka kando ya nukta moja na kuandika VAR, yaani nyota inayobadilika mwanga, pamoja na alama ya mshangao. Ilikuwa Sefeidi. Hesabu ilimpa umbali wa karibu miaka nuru 900,000, nje kabisa ya Njia Nyeupe. Leo tunajua ni milioni 2.5. Leavitt alikuwa amefariki Desemba 1921, na inasikitisha kwamba hakuiona siku hiyo.

Vipimo hivyohivyo ndivyo vilivyoonyesha, katika kazi za Georges Lemaître mwaka 1927 na Hubble mwaka 1929, kwamba galaksi zinaachana. Hapo ndipo ninapoliona jibu la kwa nini ulimwengu ni mkubwa hivi: ni mkubwa kwa sababu ni mzee. Umetanuka kwa miaka bilioni 13.8, na usingeweza kuwa mdogo ukawa na watu wa kuuliza, kwani kaboni ya miili yetu ilipikwa ndani ya nyota zilizoishi na kufa kabla ya Jua kuzaliwa. Mwanafizikia Robert Dicke alilieleza wazo hili mwaka 1961. Mtu atapinga kwamba hilo ni sharti tu la sisi kuwepo, wala halisemi nini kiliusukuma ulimwengu utanuke. Ni kweli, na sababu ya msukumo ule wa mwanzo bado inatafutwa. Lakini sharti hilo linatosha kuondoa dhana kwamba nafasi yote hii ni ya ziada.

Je, ulimwengu hauna mwisho? Tangu enzi za mwanaastronomia Heinrich Olbers, mwaka 1823, giza la usiku limetumiwa kudai kwamba nyota zina kikomo, maana zingekuwa hazina idadi, kila upande wa anga ungewaka. Hoja hiyo inasahau umri. Mwanga wa mbali mno haujapata muda wa kutufikia, kwa hiyo giza linathibitisha mwanzo na haligusi suala la ukingo. Wengine hutegemea setilaiti ya Planck, iliyokuta nafasi imenyooka bila mpindo unaopimika, wakahitimisha kwamba haina kikomo. Nao wanaharakisha, kwa kuwa nafasi iliyonyooka inaweza kujirudia yenyewe, ukaenda mbele hadi ukatokea ulikoanzia. Watafiti wameshatafuta dalili za kujirudia huko, yaani duara zinazofanana katika mnururisho wa kale uliojaa angani, na hawakuziona. Kama ulimwengu unajirudia, basi unafanya hivyo mbali kuliko upeo ambao mwanga umepata muda wa kutuletea habari.