Si Kila Kifo Baada ya Sindano ni Mzio: Neva, Penisilini na Watoto Wenye Vali Mbovu Songea

Mtoto ambaye homa ya rumatiki imeharibu vali za moyo wake huchomwa sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili bakteria wa koo wasirudi kumalizia uharibifu. Faida yake imethibitishwa jirani kwetu. Utafiti wa watoto 818 wa Gulu, Uganda, waliokuwa na ugonjwa uliojificha, ulionyesha mwaka 2021 kwamba baada ya miaka miwili ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Makala haya hayapingi sindano. Yanadai kwamba vifo vichache vinavyotokea mara baada ya kuchomwa hupewa jina la mzio kwa haraka mno, na jina hilo huficha kinga iliyo rahisi.

Mzio mkali una alama zake: vipele, uso kuvimba, kifua kubana. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa angalizo kwamba vifo kadhaa vya wagonjwa wenye vali zilizoharibika vibaya havikulingana na sura hiyo. Maelezo yenye nguvu zaidi yamo katika mfumo wa neva. Maumivu na woga huamsha neva ya vagasi. Mapigo hupungua, mishipa ya damu hulegea, presha hushuka. Mtoto mwenye moyo mzima huzirai kisha akazinduka. Mwenye vali ya mitrali iliyobana sana hana akiba, kwani moyo wake hauwezi kusukuma damu zaidi kufidia presha iliyoporomoka. Vali ya aota ikiwa inavuja, mapigo ya polepole huipa damu muda mrefu zaidi wa kurudi nyuma, na msuli wa moyo wenyewe hukosa damu.

Songea hali hii ina uzito wa pekee. Upasuaji wa vali hufanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Kwa hiyo anayesubiri safari hiyo ndiye mwenye vali mbovu kuliko wenzake, na ndiye anayeendelea kuchomwa. Akitoka kijijini Namtumbo alfajiri bila kula, akafika hospitali ya mkoa au ile ya Peramiho na kusimama foleni, njaa na kiu vimeshamwandalia kuzirai.

Njia mbadala ya sindano ni vidonge vya penisilini. Kuna watakaosema kwamba vidonge hivyo, vya kumeza mara mbili kwa siku, husahaulika. Ni kweli, na ndiyo sababu wenye vali zilizoharibika kidogo wabaki kwenye sindano. Vidonge vifikiriwe kwanza kwa wenye vali zilizobana au kuvuja vibaya, au moyo uliodhoofika. Mgawanyo huo unahitaji majibu ya kipimo cha eko ya moyo yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, ambako mchoma sindano atayaona. Wanaobaki kwenye sindano wanywe maji, wale kidogo, wapunguziwe maumivu na wachomwe wakiwa wamelala. Adrenalini ibaki karibu, kwa kuwa mzio wa kweli upo. Kipimo cha mzio kwenye ngozi, hata kikifanywa kwa uangalifu, hakibashiri mwitikio wa neva. Atakayekitegemea peke yake atakuwa amemkinga mtoto dhidi ya hatari moja tu kati ya mbili.