Leseni ya rubani binafsi: kutoka ndege ndogo hadi anga za juu

WAGENI wengi wa Wilaya ya Kilosa, wawe wanakwenda Tindiga au Mikumi, hufika kwa barabara au reli. Wachache hutua kwa ndege ndogo katika uwanja wa Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Wapo wanaodhani kuwa kurusha ndege ya namna hiyo ni kazi ya waajiriwa wa mashirika pekee. Sivyo.

Leseni ya rubani binafsi humruhusu mwenye nayo kurusha ndege bila malipo, kwa haja au kwa raha zake. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga vinataka awe ametimiza miaka 17, awe na cheti cha afya na saa zisizopungua 40 za kuruka. 35 iwapo amesoma katika chuo kilichoidhinishwa. Kati ya hizo, 10 huruka peke yake, ikiwamo safari moja ya kilometa 270, umbali unaokaribia ule wa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi.

Siku isiyosahaulika ni ile mwalimu anaposhuka na kufunga mlango. Kwa kupungua uzito wa mtu mmoja, ndege huacha ardhi mapema na kupanda upesi kuliko mwanafunzi alivyozoea. Hakuna wa kumsahihisha, na kutua ni lazima atue.

Beryl Markham, aliyekulia Njoro, Kenya, alijifunza urubani Nairobi. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, akipambana na upepo wa mbele kwa zaidi ya saa 21, hadi injini ilipokosa mafuta akaangukia kinamasi cha Nova Scotia, Kanada. Alitoka hai.

Raia wa kawaida nao wamefika anga za juu. Juni 21, 2004, Mike Melvill, mzaliwa wa Johannesburg mwenye umri wa miaka 63, alirusha SpaceShipOne, chombo cha kampuni binafsi, kutoka Mojave, Marekani. Ndege mama ilikiachia angani, akawasha roketi na kuvuka kidogo kilometa 100, umbali mfupi kuliko wa Dar es Salaam hadi Morogoro. Huko alifungua pipi za chokoleti akazitazama zikielea.

Melvill alishika usukani kwa mikono yake. Wengine hununua kiti: Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa takriban dola milioni 20 za Marekani kwa safari ya siku 10 mwaka 2002, ingawa naye alifanya mazoezi kwa miezi mingi nchini Urusi.

Hatari haijaondoka. Oktoba 31, 2014, SpaceShipTwo ilivunjika angani ikijaribiwa. Rubani msaidizi, Michael Alsbury, alifariki dunia. Mwenzake alinusurika kwa mwavuli.