Rubani aliyepita juu ya Unguja



Juzi kwenye kijiwe cha kahawa hapa Iringa, pale Miyomboni, ulizuka ubishi. Kijana mmoja alikuwa ametoka Mbeya, akafika mpaka Mbozi kukiona kimondo, na akawa anatuonyesha picha kwenye simu. Lile bonge la chuma la tani zaidi ya kumi, lililoanguka kutoka angani zamani ambazo hakuna anayezikumbuka. Mmoja akatania: "Cha kutoka juu tunacho. Cha kwenda juu je?" Watu wakacheka.

Mzee mmoja wa miaka themanini na ushei hakucheka. Akasema ujanani alikwenda Unguja kuchuma karafuu, na wakati huo Wamarekani walikuwa na kituo chao cha maroketi kule. Vijana wakamzomea. Mzee akanyamaza, akanywa kahawa yake. Mimi nikaondoka na deni. Mwandishi wa habari hawezi kusikia jambo kama hilo halafu akalala usingizi.

Nimefuatilia, na jibu linaanza na rubani wa kijeshi.

John Glenn alizaliwa tarehe 18 Julai 1921 katika jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa mwanafunzi wa chuo Japani iliposhambulia Pearl Harbor mwaka 1941. Akaacha masomo, akajiunga na mafunzo ya urubani, na hatimaye akawa rubani wa kikosi cha Marine. Katika Vita Kuu ya Pili aliruka mara 59 kwenda mapambanoni katika Bahari ya Pasifiki. Katika vita vya Korea aliruka mara 90, na siku za mwisho za vita hivyo, Julai 1953, alitungua ndege tatu aina ya MiG.

Vita vilipokwisha akageukia kazi ya kujaribu ndege mpya. Hiyo ni kazi ya kuingia kwenye chombo ambacho mhandisi anaamini kitaruka, wewe ukathibitishe. Julai 1957 alivuka Marekani kutoka California hadi New York kwa saa 3 na dakika 23, kwa wastani wa mwendo unaoizidi sauti. Hakuna aliyekuwa amevuka bara lile kwa wastani huo.

Aprili 1959 NASA ikawatangaza wanaanga wake saba wa kwanza. Wote walikuwa marubani wa majaribio kutoka jeshini, kwa sababu Rais Eisenhower alitaka watafutwe humo humo. Sharti hilo lilifunga milango mingi. Wanawake hawakuwemo kabisa, maana jeshi halikuwapa nafasi ya kujaribu ndege. Mwaka 1962 suala hilo lilipofikishwa bungeni, Glenn mwenyewe alitoa ushahidi akiutetea utaratibu uliokuwepo. Nalisema hili mapema ili msidhani naandika habari za malaika.

Sasa turudi Unguja.

Chombo cha anga kilichozunguka dunia kwa kasi ya kilometa kama 28,000 kwa saa kilionekana na kituo kimoja cha redio kwa dakika chache tu, kisha kikazama nyuma ya upeo wa macho. Mawimbi ya redio yale husafiri kwa mstari ulionyooka, hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Kwa hiyo NASA ilihitaji vituo vilivyopangwa kama vijiti vya mbio za kupokezana, pamoja na meli mbili baharini. Kwa upande wa Afrika, kimoja kikawekwa Kano, Nigeria. Kilichofuata kikawekwa Tunguu, kisiwani Unguja.

Makubaliano ya kituo cha Unguja yalifanyika mwaka 1960 kati ya serikali ya Uingereza na serikali ya Marekani. Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, hivyo uamuzi ukafanywa London na Washington. Hizbu, yaani chama cha ZNP, wakapinga hadharani. Wakasema kisiwa kinaingizwa kwenye vita baridi ya wakubwa na kugeuzwa kambi ya makombora.

Je, walikuwa waongo? Tunguu hapakuwa na roketi hata moja. Palikuwa na antena, mitambo ya redio, mafundi na daktari. Lakini roketi ya Atlas iliyombeba Glenn kule Florida ilikuwa imeundwa kwanza kwa ajili ya kubeba bomu la nyuklia. Mtu aliyekuwa na wasiwasi mwaka 1960 alikuwa na sababu.

Tarehe 20 Februari 1962, Tanganyika ikiwa na siku 73 tu tangu ipate uhuru, Glenn alirushwa akiwa ndani ya chombo kiitwacho Friendship 7. Kwa saa zetu ilikuwa saa 11 na dakika 47 jioni. Gagarin, naye rubani wa kijeshi, alikuwa amewatangulia kuizunguka dunia Aprili 1961. Kwa Wamarekani, Glenn ndiye alikuwa wa kwanza kuizunguka.

Saa 12 na ushei jioni, watu wa Unguja wakijiandaa na magharibi, Glenn alikuwa anakatiza angani kwao. Kituo cha Unguja kikazungumza naye. Daktari alitaka kujua hali ya moyo na presha yake, kwa sababu wakati ule hakuna aliyekuwa na hakika mwili wa binadamu unavumilia vipi hali ya kutokuwa na uzito. Glenn akavuta kamba ya mpira mara moja kila sekunde kwa sekunde 30, ili mapigo yake yapimwe. Kisha akaendelea juu ya Bahari ya Hindi, akaliona jua likizama, akaelekea Australia, ambako wakazi wa Perth walimwashia taa.

Alizunguka mara tatu. Katika safari hiyo, waongozaji waliokuwa chini walipata ishara kwamba ngao ya kuzuia joto huenda imelegea. Kama ni kweli, angeungua wakati wa kurudi. Hawakumwambia moja kwa moja. Walimuuliza maswali ya kuzunguka zunguka kuhusu swichi, kisha wakamwagiza asiachie mkoba wa roketi ndogo uliofungwa juu ya ngao, wakitumaini utaishikilia. Akashuka akiona vipande vinavyowaka vikipita dirishani. Ishara ile ilikuwa ya uongo, ngao ilikuwa nzima. Akatua baharini salama baada ya saa 4 na dakika 55. Baadaye alilalamika: rubani aambiwe kila kitu, maana maisha ni yake.

Hapo ndipo niliposimama kidogo. Aliyekuwa juu alificha hasira yake kwa sababu hakuambiwa. Waliokuwa chini, Unguja, walikuwa na hasira kwa sababu hawakuulizwa. Na pale mtu anaponyimwa taarifa au kauli, nafasi hiyo haibaki tupu. Inajazwa na uvumi, na uvumi unaweza kuishi miaka sitini mpaka ukafika kijiwe cha kahawa Iringa.

Kituo kile kilihudumia safari za wengine watatu, Carpenter, Schirra na Cooper, wote marubani wa kijeshi. Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Wamarekani wengi, wakiwemo wafanyakazi wa kituo, wakaondolewa kwa meli ya kivita Manley. Aprili mwaka huo serikali ya Karume ikaagiza kituo kiondolewe. Ndivyo jambo lililodaiwa na Hizbu likatekelezwa na mahasimu wao wa ASP. Kazi ikahamia Madagascar.

Glenn aliacha jeshi mwaka 1965 akiwa kanali. Alijaribu siasa na kuangushwa, kisha akawa seneta wa Ohio kuanzia 1974 hadi 1999. Mwaka 1984 aliutaka urais, akashindwa mapema ndani ya chama chake. Oktoba 1998, akiwa na miaka 77, alirudi angani kwa chombo cha Discovery. Alifariki tarehe 8 Desemba 2016 akiwa na miaka 95.

Jana nilirudi kijiweni. Nikamweleza mzee yote haya, na wale vijana wakiwepo. Nikamwambia kituo kilikuwepo, maroketi hayakuwepo. Akafikiri, akauliza: "Na huyo rubani, huku kwetu alikuona?"

Nikapiga hesabu mbele yake. Kutoka kimo cha zaidi ya kilometa 200, upeo wa macho unafika kilometa zaidi ya 1,500 kila upande. Iringa imo, Mbeya imo, na kimondo cha Mbozi kimo.

"Basi," mzee akasema, "yeye alituona, sisi hatukujua."

Yule kijana aliyemzomea juzi ndiye aliyemlipia kahawa.