Kukata Kidogo: Historia ya Upasuaji wa Nyongo na Somo Lake kwa Tanganyika

Tarehe 15 Julai 1882, katika hospitali ya Lazarus mjini Berlin, Carl Langenbuch alimpasua mwanaume wa miaka 43 aliyekuwa ameteswa na mawe ya nyongo kwa miaka 16, akautoa mfuko wa nyongo mzima. Kabla yake wapasuaji waliishia kuufungua mfuko, kutoa mawe na kuuacha mahali pake, mawe yakarudi. Langenbuch alishikilia kwamba mfuko wenyewe ndio unaozaa mawe, na hoja yake ikashinda. Kwa miaka mia moja iliyofuata operesheni hiyo haikubadilika sana: mkato mrefu chini ya mbavu za kulia, mara nyingi wa sentimita 15 au zaidi, ukipita katikati ya misuli ya tumbo hadi kwenye ini. Kilichokuja kubadilika ni njia ya kuufikia mfuko, na historia ya badiliko hilo inalihusu sana jimbo la Tanganyika nchini Kongo, kuanzia Kalemie hadi Manono na Piana-Mwanga. Inatufundisha kwamba mzigo mkubwa anaoubeba mgonjwa wa nyongo baada ya operesheni hutokana na jeraha la kuufikia mfuko, na kwamba jeraha hilo linaweza kupunguzwa hata pale ambapo kamera za kisasa hazijafika.

Kwamba mwili hujibu kila jeraha ni elimu ya kale. Celsus wa Roma, katika karne ya kwanza, alitaja dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Mwitikio huo ndio madaktari huuita inflamesheni, na kwa muda mrefu ulitazamwa kama jambo la mahali palipoumia tu. Aliyeonyesha kwamba mwili mzima huingia kazini ni David Cuthbertson wa Glasgow. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1932, alipima mkojo wa watu waliovunjika viungo akakuta wanapoteza naitrojeni nyingi kupita kiasi ambacho jeraha lenyewe lingeweza kueleza. Mwili ulikuwa ukivunja misuli yake wenyewe. Miaka miwili kabla, William Tillett na Thomas Francis wa Taasisi ya Rockefeller, New York, walikuwa wamegundua katika damu ya wagonjwa wa nimonia protini ambayo mtu mzima wa afya huwa nayo kidogo mno, ile inayoitwa leo CRP. Mwaka 1986 watafiti wa Osaka, akiwamo Tadamitsu Kishimoto, wakaitambua jeni ya interleukini-6, mjumbe anayetoka kwenye tishu zilizojeruhiwa na kuliamuru ini litengeneze CRP. Tangu hapo ukubwa wa jeraha ukawa unasomeka katika damu. Interleukini-6 hupanda ndani ya saa chache baada ya mkato, CRP huifuata na kufikia kilele karibu siku ya pili, na kwa kawaida tishu nyingi zikikatwa, vyote viwili hupanda zaidi.

Kipimo hicho kilipatikana karibu wakati uleule njia mpya ilipozaliwa. Tarehe 12 Septemba 1985, Erich Mühe, mpasuaji wa mji mdogo wa Böblingen nchini Ujerumani, alitoa mfuko wa nyongo kwa kutumia matundu madogo. Baadaye alirahisisha njia yake hata akaacha kujaza gesi tumboni, akafanya kazi kupitia bomba moja lililoingizwa chini ya mbavu. Alipoieleza kazi yake mbele ya wapasuaji wenzake mwaka 1986 hawakumkubali. Chama chao kilimtunuku mwaka 1992, wakati ambapo dunia ilikuwa imekwisha kugeuka. Waliogeuza dunia ni Wafaransa: Philippe Mouret wa Lyon mwaka 1987, kisha François Dubois wa Paris na Jacques Perissat wa Bordeaux. Katika miaka ya 1990 watafiti wa nchi nyingi walilinganisha damu ya waliofunguliwa tumbo na ya waliopasuliwa kwa kamera kupitia matundu, na kwa jumla walikuta interleukini-6 na CRP zikipanda kwa kiwango cha chini zaidi kwa waliopasuliwa kwa matundu. Hata hivyo homoni kama kotisoli hazikutofautiana kwa kiasi hicho, dalili kwamba mwili haukosi kujua kuwa umeingiliwa. Uchambuzi wa mtandao wa watafiti wa Cochrane wa mwaka 2006, uliokusanya majaribio mengi, ulikuta kwamba waliopasuliwa kwa matundu walikaa hospitalini pungufu kwa siku 3 hivi na kupona nyumbani mapema kwa wiki 3 hivi.

Laiti ushahidi ungeishia hapo, tungesema kamera ndiyo dawa na asiye nayo asubiri. Lakini swali gumu zaidi liliulizwa Sheffield, Uingereza, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1996. Wapasuaji waliwagawa wagonjwa 200 makundi mawili: wengine walipasuliwa kwa kamera, wengine kwa mkato mmoja mfupi. Wote walifungwa bandeji za aina moja, ili mgonjwa na muuguzi wake wasijue ni operesheni ipi iliyofanyika. Siku za kulala hospitalini na muda wa kurudi kazini havikutofautiana, na mkato mfupi ulimalizika haraka zaidi. Cochrane nao, walipolinganisha matundu na mikato isiyozidi sentimita 8, hawakuona tofauti ya vifo wala ya madhara. Hitimisho ninaloliona ni kwamba sehemu kubwa ya faida iliyopewa kamera ni faida ya kukata kidogo, na kukata kidogo ni ustadi wa mkono kabla ya kuwa suala la mtambo.

Kwa Tanganyika tofauti hiyo ni nzito. Upasuaji wa kamera unadai umeme usiokatika, taa maalumu, skrini, mitungi ya hewa ya ukaa, usingizi unaosimamiwa vizuri na fundi wa kutengeneza kinachoharibika. Jina la Piana-Mwanga lenyewe linajulikana jimboni kwa mitambo ya umeme ya mto Luvua, iliyojengwa enzi za ukoloni wa Wabelgiji ili kuendesha migodi ya bati ya Manono, kisha ikanyamaza kwa uchakavu na vita. Jimbo lenye mito ya kutosha kuwasha migodi bado lina wagonjwa wanaopasuliwa kwa umeme wa jenereta. Wenye mawe ya nyongo hapa si watu wazima wanene peke yao, kama vitabu vya Ulaya vinavyozoea kuwaeleza. Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, ugonjwa ambao Wakongo wengi huuita SS. Chembe nyekundu za wagonjwa hao hufa mapema, bilirubini huzidi, na mawe meusi hujengeka wakiwa bado vijana au hata watoto. Kwao inflamesheni ni hatari ya moja kwa moja: huzifanya chembe zinate kwenye kuta za mishipa, na maumivu ya mkato mrefu humzuia mgonjwa kuvuta pumzi hadi mwisho, oksijeni ikapungua na chembe zikakunjika zaidi.

Wapo watakaosema kwamba inflamesheni ndiyo inayoponya, hivyo hakuna sababu ya kuipunguza. Ni kweli kwamba bila hiyo kidonda hakifungi. Ila jeraha dogo haliuzuii mwili kujiponya. Linaupunguzia kazi, na nguvu iliyosalia inabaki kwa mgonjwa ambaye pengine alifika akiwa na malaria au upungufu wa damu. Wengine watasema tundu dogo humficha mpasuaji asione. Hoja hii ni nzito kuliko ya kwanza, kwani kamera zilipoenea mwanzoni mwa miaka ya 1990 majeraha ya mrija mkuu wa nyongo yaliongezeka. Kwa hiyo anayeanza na mkato mfupi lazima ajue kuurefusha bila aibu pindi asipoona wazi, na mfuko uliooza baada ya wiki nyingi za kuchelewa utahitaji mkato mkubwa tu. Wala njia ya matundu haimkingi mgonjwa wa selimundu na kila shida, maana matatizo ya kifua yameonekana hata kwa waliopasuliwa kwa kamera. Maandalizi yana uzito uleule. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba kumwongezea damu kabla ya operesheni, himoglobini ifike gramu 10 kwa desilita, kulimlinda mgonjwa sawa na kumbadilishia damu kwa wingi, kwa madhara machache zaidi.

Kuna pia wanaoona kwamba katika jimbo lenye kipindupindu na wakimbizi wa ndani, mazungumzo haya ni anasa. Hilo lingekuwa kweli kama ningedai kamera kwa kila kituo cha afya. Lakini wiki 3 za kupona mapema ni wiki ambazo mvuvi wa Kalemie anarudi ziwani na mama anarudi shambani, na mkato mfupi hauhitaji mtambo mpya. Tena kamera si ndoto mashariki mwa Kongo. Huko Panzi, hospitali ya Bukavu iliyoanzishwa mwaka 1999, daktari Denis Mukwege ameshirikiana na Guy-Bernard Cadière, mpasuaji wa Brussels, kutumia njia ya matundu kwa wanawake waliojeruhiwa, na mwaka 2014 wawili hao walitoa kitabu kuhusu hospitali hiyo. Walianza na watu waliofunzwa, mtambo ukawa chombo mikononi mwao.

Mpangilio unaofaa Tanganyika unatokana na historia yenyewe. Kwanza wapasuaji wa jimbo wafundishwe mkato mfupi, pamoja na kuchoma dawa ya ganzi kwenye kidonda na kumwinua mgonjwa kitandani mapema. Pili, kijana wa selimundu mwenye mawe yanayomuuma apasuliwe kwa mpango, akiwa ameandaliwa, badala ya kungojwa hadi aletwe usiku na homa. Tatu, umeme wa uhakika wa hospitali uhesabiwe kuwa sehemu ya tiba, na mipango yoyote ya kufufua mitambo ya Luvua ikumbuke vyumba vya upasuaji sawa na inavyokumbuka madini. Kamera ikija baada ya hayo, itakuta mikono iliyokwisha kujifunza kukata kidogo.