Ndoano ya kichwa cha risasi

Ndoano ya kichwa cha risasi, ambayo wavuvi wa burudani huiita jigi, ni ndoano iliyosubiwa donge la risasi karibu na tundu la kufungia mshipi, hivyo uzito na ncha huwa kitu kimoja. Mvuvi huirusha, huiacha izame, kisha huivuta kwa kuinyanyua na kuishusha ili samaki aidhanie kiumbe hai. Chubwi la kawaida hukaa mbali na ndoano na kazi yake huishia kwenye kuzamisha chambo. Makala hii inahusu zaidi vichwa vinavyotengenezwa nyumbani, na namna ya kuchagua kisichonasa ovyo katika maji yenye vichaka kama yale ya bonde la Kagera.

Maji ya Karagwe na Kyerwa

Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, ni mji wa vilimani; maji ya kuvulia yako mbali, chini mabondeni. Upande wa magharibi Mto Kagera hutenganisha Tanzania na Rwanda hadi maeneo ya Murongo, wilayani Kyerwa, ambako mto hupinda kuelekea mashariki ukiufuata mpaka wa Uganda. Bonde lake ni msururu wa maziwa madogo na vinamasi vya mafunjo, likiwemo Ziwa Rwakajunju. Kusini kuna Ziwa Burigi.

Mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Mukama Rumanyika wa Karagwe Novemba 1861 na kuliita ziwa lililo chini ya makazi ya mfalme huyo Little Windermere, kwa kukumbuka ziwa la kwao Uingereza. Jina hilo halikudumu. Mvumbuzi mwingine, Henry Morton Stanley, alipita mwaka 1876 na kuyazunguka maji hayo kwa mashua. Speke ni shahidi mzuri wa mambo ya ikulu, ila aliwatazama zaidi wake wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa kuliko samaki.

Tabia ya maji haya inayomhusu mvuvi wa ndoano ni uoto. Vipande vya mafunjo hukatika na kuelea kama visiwa, miti ya kingo huangukia majini, na mvua zikishakolea maji hupanda na kumeza vichaka vilivyokuwa nchi kavu. Samaki huingia humo kutafuta chakula na mahali pa kutagia, na ndoano nyingi hupotelea humo humo.

Samaki

Anayefaa zaidi kwa ndoano ni kambale, Clarias gariepinus, ambaye huwinda hasa usiku na hula karibu kila kitu. Kamongo, mwenye mapafu na meno mapana ya kusagia konokono, hukata mshipi mwembamba bila shida. Hongwe na gogogo nao hushika chambo. Ngege, Oreochromis esculentus, aliyepungua sana Ziwa Victoria lakini akabaki katika baadhi ya maziwa madogo kama Burigi, hula mimea midogo inayoelea majini, kwa hiyo ni samaki wa nyavu.

Kuchagua kichwa

Watu wengi huilaumu ncha ndoano inaponasa. Mara nyingi kosa ni la kichwa. Donge la mviringo ndilo jepesi kusubu, ila katikati ya matawi ni baya: huangukia nyuma ya panda ya tawi na, kwa kuwa ni pana kuliko mwanya, mshipi ukivutwa hukaza kama kabari. Kichwa kilichochongoka mbele hupenya kwanza kwa sehemu nyembamba, kisha huupanua mwanya kidogo kidogo. Kwenye mabua ya mafunjo tofauti hiyo huonekana mara moja. Umbo pana la kulala kwa ubavu, linalosifiwa sana na wauzaji, ni la kuburuta juu ya mawe na halina nafasi vichakani.

Jambo la pili, na pengine lenye uzito kuliko umbo, ni mahali tundu lilipo. Tundu likikaa puani na kuinama nyuzi 30 hivi kutoka kwenye shina la ndoano, mshipi na kichwa hufuata mstari mmoja na nyasi haipati pa kushika. Nyuzi 60 zinafaa kwenye matawi yaliyozama. Tundu lililosimama nyuzi 90 huacha pembe kati ya mshipi na kichwa, na pembe hiyo hukusanya kila jani linalopita. Hata hivyo, mvuvi aliye kwenye mtumbwi juu ya kichaka, anayeshusha ndoano wima na kuipandisha wima, atalipenda tundu la nyuzi 90 kwa sababu ndoano huning'inia ikiwa imelala sawa.

Uzito uwe mdogo kadiri upepo na mkondo vinavyoruhusu. Gramu 5 hadi 10 zinatosha katika maji yaliyotulia yenye kina cha mita chache; mkondo wa Kagera hudai zaidi. Risasi ina uzani wa takriban gramu 11.3 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma 7.9, na mawe mengi chini ya 3. Chubwi la jiwe, likiwa na uzito uleule, huwa karibu mara nne kwa ukubwa na hunasa kwa kiasi hichohicho. Anayetumia jiwe, nati au plagi mbovu ya pikipiki hufanya vyema kuifunga kwa uzi dhaifu kuliko mshipi: ikinaswa, uzi hukatika na ndoano hupona.

Kinga ya ncha hutengenezwa kwa nywele za ufagio wa plastiki zilizochomekwa kwenye kichwa, au kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli uliokunjwa mbele ya ncha. Ikiwa ngumu mno humzuia samaki pia. Kidole kikiigusa kwa nguvu kidogo lazima ilale. Njia rahisi zaidi ni kuificha ncha ndani ya chambo chenyewe. Ndoano ya waya mwembamba ina faida yake, kwani ikivutwa kwa mshipi imara hunyooka na kuachia tawi, ila kambale mkubwa atainyoosha vilevile.

Warusi wana kichwa chenye masikio mawili ya waya, ambamo ndoano huning'inia bila kukazwa, na walikipa jina la Cheburashka, mnyama wa katuni mwenye masikio makubwa. Kwa kuwa ndoano hucheza, haina mhimili wa kujikazia kwenye mti. Kichwa hiki hakihitaji kusubiwa pamoja na ndoano.

Kusubu

Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia. Vizito vya zamani vya kusawazishia magurudumu ya magari hutumika sana. Vipya vingi ni vya zinki au chuma, na zinki huhitaji nyuzi 419. Kalibu yenye unyevu ni hatari kubwa, kwani maji hugeuka mvuke ghafla na risasi huruka usoni. Betri za magari zisiguswe kabisa. Kiwanda cha kuyeyushia betri cha Owino Uhuru, Mombasa, kiliwadhuru wakazi kwa vumbi na moshi wa risasi hadi kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vizito vingi vidogo vya risasi vya kuvulia mwaka 1987, baada ya bata maji kufa kwa kuvimeza.

Sheria

Uvuvi nchini Tanzania husimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, pamoja na Burigi-Chato, na uvuvi ndani ya hifadhi hizo hauruhusiwi.

Hali ya sasa

Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Katika masoko ya Kayanga na Omurushaka dagaa wa Ziwa Victoria ni kitoweo cha kawaida.